Marekani: kadi za kambi kwa wanaoishi ndani ya gari, nani anapata faida?

Wamarekani walioacha nyumba na kuhamia kabisa ndani ya gari hawalipi tena kodi ya nyumba, lakini kila jioni wanapashwa kupata mahali pa kusimamisha gari hilo. Mahali hapo panauzwa. Usiku mmoja katika kambi ya watu binafsi yenye maji, umeme na bomba la maji machafu huomba mara nyingi dola 40 hadi 80, na karibu na bahari ao karibu na mbuga kubwa bei inapanda zaidi. Mtu akilipa dola 50 kila siku, mwisho wa mwezi ametoa 1,500. Kwa mzee anayeishi kwa feza za uzee peke yake, hesabu hiyo haiwezi kusimama: mwanzoni mwa mwaka wa 2024, mtu aliyestaafu alikuwa akipokea kutoka Social Security, kwa wastani, karibu dola 1,900 kwa mwezi. Na kula bado, dawa bado, mafuta ya gari bado.

Ndiyo maana kadi za kambi zinanunuliwa sana. Mtu analipa ada ya mwaka, ao anatia sahihi mkataba wa maisha, kisha analala katika kambi za chama bila kulipa usiku kwa usiku, ao kwa nusu bei, ao kwa punguzo dogo, kufuatana na kadi yenyewe. Kwa mtu wa likizo, kadi mbaya ni hasara ndogo tu. Kwa anayeishi barabarani mwaka mzima, kadi ndiyo kodi yake ya nyumba. Akikosea hesabu, anabaki na fakture ya kadi mkononi na hana mahali pa kulala.

Magari yenyewe ni ya namna nyingi. Kuna yenye injini yake, marefu kama basi, na ndani yake kitanda, jiko, friji, choo na bafu. Kuna remorki zinazovutwa na pikapu yenye nguvu. Mengi hutoka sehemu moja, wilaya ya Elkhart katika jimbo la Indiana, ambako viwanda vya magari-nyumba ndivyo vinalisha mji. Shirika la watengenezaji lilihesabu mwaka wa 2021 familia zaidi ya milioni 11 zenye gari-nyumba, na mwaka huo huo, watu wakiogopa hoteli na ndege juu ya corona, viwanda vilitoa zaidi ya magari 600,000, hesabu ambayo haikuwahi kufikiwa mbele ya hapo.

Walio wengi hutembea nalo siku za likizo tu, kisha wanalirudisha nyuma ya nyumba. Wanaoishi humo mwaka mzima ni sehemu ndogo: wazee waliouza nyumba, vijana wanaofanya kazi kwa kompyuta, mafundi wanaofuata kazi za ujenzi kutoka jimbo hadi jimbo, na wale ambao bei ya nyumba iliwatupa nje. Filamu Nomadland, iliyochukua Oscar ya filamu bora mwaka wa 2021, iliwaonyesha hao wa mwisho.

Neno kambi linaweza kumchanganya msomaji wa Goma ao wa Uvira. Huku kwetu kambi ni ya waaskari ao ya watu waliokimbia vita, mahali ambapo mtu hakuchagua kukaa. Kule ni kiwanja kilichopimwa, chenye namba, na kisimamo cha umeme pembeni. Mara nyingi kuna bwawa la kuogelea na chumba cha kufulia nguo. Mtu anafika, anachomeka waya, anafunga bomba, na tayari amehamia.

Kadi nyingi, kazi mbalimbali

Si kadi zote zinauza kitu kimoja, na hapo ndipo wanunuzi wapya wanapotea. Kuna kadi za punguzo dogo. Good Sam, chama kilichoanza mwaka wa 1966, huondoa asilimia 10 katika kambi karibu 2,000. KOA, iliyoanza mwaka wa 1962 huko Billings, jimbo la Montana, wakati watu walipokuwa wakipita kwenda kwenye maonyesho makubwa ya dunia mjini Seattle, ina kambi zaidi ya 500 Marekani na Kanada na kadi yake nayo huondoa asilimia 10. Mtu anayelala humo usiku kumi amekwisha kurudisha feza ya kadi. Hakuna la kubishana hapo, wala la kutajirisha mtu.

Passport America inaenda mbali zaidi: nusu bei. Kadi yake ya mwaka haifiki dola 60, na mara nyingi usiku tatu ao nne zinatosha kuirudisha. Lakini kila kambi inaweka masharti yake. Nyingine inakubali nusu bei kwa usiku mmoja ao mbili tu, nyingine inakataa mwisho wa juma, nyingine inaifunga kabisa wakati wa msimu mzuri. Mwenye kambi si mjinga: anatoa nusu bei siku ambazo kiwanja kingebaki kitupu. Mtu asiye na haraka, anayeweza kufika siku ya kwanza ya juma na kuondoka siku ya nne, anafaidika sana. Anayefika Ijumaa jioni na watoto analipa bei yote.

Harvest Hosts, iliyoanza mwaka wa 2009, ni jambo lingine. Kwa karibu dola 100 kwa mwaka mtu anaruhusiwa kulala kwenye mashamba, kwenye viwanda vidogo vya divai na pombe, hata kwenye majumba ya makumbusho. Kwa kawaida ni usiku mmoja, pasipo umeme wala maji, na mgeni mwenye adabu ananunua kitu kwa mwenye mahali: chupa ya divai, mayai, jibini. Ni kadi nzuri kwa mtu aliye njiani. Kama nyumba, haifai, na ukinunua divai kila jioni utaona kwamba kulala bure kunaweza kuwa ghali.

Inabaki ile kadi ambayo wanaoishi barabarani hubishana juu yake kuliko zote: Thousand Trails, ni kusema njia elfu moja. Chama hiki kilizaliwa katika jimbo la Washington karibu na mwaka wa 1970. Mwanzilishi wake, Milton Kuolt, alikuwa amefanya kazi katika kampuni ya ndege Boeing, akafungua kambi ya kwanza huko Chehalis. Ndiye huyo huyo aliyeanzisha kampuni ya ndege Horizon Air mwaka wa 1981. Leo Thousand Trails ni mali ya Equity LifeStyle Properties ya Chicago, kampuni ambayo hisa zake zinauzwa kwenye soko la New York. Ina kambi zaidi ya 80, zilizogawanywa katika kanda tano. Kadi ya kanda moja huomba dola 600 na zaidi kwa mwaka, na ukiongeza feza kidogo unapewa ruhusa ya kuingia katika kambi nyingine za kampuni hiyo hiyo. Baada ya hapo, usiku haulipwi.

Sharti kubwa liko hapa: mwenye kadi ya kawaida anaweza kukaa kambini siku 14, kisha anapashwa kutoka nje ya chama siku 7 mbele ya kurudi. Kuna mlango mdogo: akikaa usiku 4 ao chini ya hapo, anaweza kuhama moja kwa moja kwenda kambi nyingine ya chama. Wengine wanaishi hivyo, usiku nne hapa, usiku nne pale, na wanachoka haraka.

Hesabu ya siku 365

Chukua mume na mke waliostaafu, wenye gari la injini yake, wakiwa na kadi ya dola 700. Bei zinazofuata ni za mfano, lakini haziko mbali na zile za sokoni.

Wakifuata siku 14 ndani na siku 7 nje, mwaka mzima unawapa usiku 243 bila kulipa na usiku 122 ambazo wanapashwa kujitafutia. Ni zile 122 zinazoamua kila kitu, na ndizo ambazo muuzaji wa kadi huwa hazizungumzii.

Kama usiku wa nje wanaulipa dola 45, ni dola 5,490. Ongeza kadi, inakuwa 6,190. Halafu kuna mafuta. Sharti la 14 na 7 linawalazimisha kuhama karibu mara 35 kwa mwaka. Wakienda kila mara kilometa 200 tu, ni kilometa 7,000. Gari la namna hiyo hunywa kwa urahisi lita 30 kwa kilometa 100, ni kusema lita 2,100. Esanse ikiwa senti 90 kwa lita, wanatoa dola 1,890. Jumla: dola 8,080.

Sasa linganisha na jirani yao asiye na kadi yoyote, aliyekodi kiwanja kwa mwezi katika mji wa kawaida kwa dola 700. Kwa mwaka analipa 8,400, na umeme juu yake. Tofauti ni ndogo. Yeye ameketi mahali pamoja, anamjua daktari wake, magurudumu yake hayaishi. Kadi iliyosifiwa kuwa inalaza watu bure imewaletea wale wazee faida ya dola mia chache na safari 35.

Lakini hesabu hiyo hiyo inageuka kabisa kama usiku wa nje unapatikana kwa bei nyingine. Wakiwa na kadi ya nusu bei ya dola 50 na kuitumia vizuri, usiku 122 zinakuwa dola 2,745. Pamoja na kadi zote mbili na mafuta, mwaka wao unagharimu karibu dola 5,400. Hapo wameokoa dola 3,000 juu ya jirani. Na kama siku zile 7 wanazimaliza kwenye ardhi ya serikali pasipo kulipa, mwaka mzima unashuka hadi kama dola 2,600, mafuta yakiwemo. Hakuna nyumba ya Marekani inayokodishwa kwa bei hiyo, hata chumba kimoja.

Kwa hiyo kadi ile ile ni hasara kwa mmoja na ni wokovu kwa mwingine, na tofauti haitoki katika kadi. Inatoka katika majuma ambayo mtu yuko nje yake.

Wa siku 60 na wa siku 180

Kuna jambo ambalo mkono wa kompyuta hauwezi kuhesabu. Kadi haiuzi kiwanja. Inauza ruhusa ya kuomba kiwanja. Mwenye kadi ya kawaida anaanza kuomba siku 60 mbele. Mwenye mkataba mkubwa, ule wa maelfu ya dola, anaomba miezi minne, hata miezi sita mbele, kufuatana na mkataba wake. Wakati mlango unapomfungukia wa siku 60, wa siku 180 amekwisha kuchagua.

Katika mwezi wa tano, kambi ya msitu katika jimbo la Washington, nafasi iko. Lakini katika mwezi wa pili, Wamarekani wa kaskazini wote wanakimbia theluji na kushuka Florida, Arizona na kusini mwa California. Kambi ya Clermont, karibu na Orlando na karibu na Disney World, ni mfano mzuri: wakati wa baridi inapiganiwa. Katika kambi nyingi sehemu ya viwanja imekodishwa kwa mwaka mzima kwa watu wasiohama, na vile vinavyobaki ndivyo wanachama wanagawana.

Ramani nayo ina mashimo. Kambi nyingi za chama ziko pwani ya magharibi, Texas, Florida na mashariki. Katika majimbo ya milima, kama Montana na Wyoming, ambako watu wanapenda kwenda kuona Yellowstone wakati wa joto, mwenye kadi anajikuta kama mgeni yeyote, mkono mfukoni. Mtu ambaye wajukuu wake wako Denver amenunua kadi isiyojua njia ya Denver. Inaonekana ni jambo la kijinga kusahau, lakini watu hununua kadi kambini, siku ya jua, mbele ya bwawa la kuogelea, si nyumbani mbele ya ramani.

Na kambi zenyewe si sawa. Nyingi zilijengwa katika miaka ya 1970 na 1980, wakati magari yalikuwa mafupi na friji moja ilitosha. Gari la leo lenye urefu wa mita 12, na mashine mbili za kuleta baridi, linaomba umeme ambao kisimamo cha zamani hakiwezi kutoa. Viwanja vyenye umeme wa kutosha na bomba la maji machafu ni vya anayefika wa kwanza. Anayefika jioni anapata kile kilicho chini ya miti, chenye matope, pasipo bomba, na baada ya siku tano anapashwa kufunga gari lake lote na kulipeleka kumwaga choo.

Mkataba wa maisha

Mwenye kadi ya kawaida anapochoka na siku 7 za nje, anaalikwa kukaa na muuzaji. Anaonyeshwa mkataba mkubwa: kutoka kambi moja hadi nyingine pasipo kutoka nje, siku 21 badala ya 14, kuomba nafasi mapema, kanda zote. Bei haiandikwi ukutani. Inazungumzwa, na ni elfu kadhaa za dola. Kuna waliolipa zaidi ya 10,000, wengine kwa mkopo wenye riba. Na juu ya feza hiyo, ada ya kila mwaka inaendelea, na inapanda.

Mtu wa Bukavu anaweza kufikiri kwamba ni kama likelemba, kutoa leo ili kupokea kesho. Lakini katika likelemba zamu yako inafika na feza inarudi mkononi. Hapa feza imekwisha kwenda. Kinachobaki ni haki ya kuomba kiwanja, na deni la ada.

Je, mkataba huo unalipa? Turufu yake ni kufuta zile siku 122. Mume na mke wa mfano waliokuwa wakilipa nusu bei nje watabakiza kama dola 2,600 kwa mwaka, baada ya kutoa tofauti ya ada. Mkataba wa dola 8,000 utarudi baada ya miaka mitatu. Kwa anayejua kwamba ataishi barabarani miaka kumi, na anayependa majimbo ambako kambi ziko, ni biashara nzuri, na wako wazee wanaoishi hivyo kwa amani, wakizunguka pwani ya magharibi kwa utaratibu kama mchungaji na malisho yake. Lakini aliyekuwa akimaliza siku za nje pasipo kulipa kwenye ardhi ya serikali hafuti chochote. Kwake mkataba haurudi kamwe.

Na miaka mitatu ni mirefu kwa watu wa umri huo. Goti linakataa kupanda ngazi za gari. Injini inakufa. Mke anabaki mjane, naye hakuwahi kuendesha gari la mita 12. Binti anajifungua huko Ohio. Watu hutoka barabarani mapema kuliko walivyofikiri, na wakati huo wanaona kwamba mkataba wa maisha hauangalii kama gari limekwisha kuuzwa. Kuuza mkataba kwa mtu mwingine inawezekana mara nyingine, lakini chama kinaomba feza za kubadilisha jina, haki fulani zinaweza kupotea njiani, na soko limejaa wauzaji wenye haraka. Kwa sababu hiyo hiyo, anayetaka kweli mkataba mkubwa mara nyingi anaupata wa mkono wa pili kwa bei ya chini sana kuliko ya muuzaji wa kambi. Wanaojua hawaendi kwanza kwa muuzaji.

Historia ya biashara hii ingetosha kuwafanya watu waangalifu. Katika miaka ya 1980 vyama vya kambi vilikuwa vingi mno Marekani. Wauzaji walituma barua za kuahidi zawadi kwa yeyote atakayekuja kutembelea kiwanja, na mgeni akifika alifungiwa katika mazungumzo ya saa nyingi mpaka atie sahihi. Kampuni kadhaa zilifilisika. Wanachama walibaki na makaratasi ya maisha ya kambi zilizofungwa. Majimbo yaliingia kati. Washington iliweka sheria ya pekee juu ya kambi za uanachama mwaka wa 1982. California nayo ina sheria yake. Zote mbili zinampa mnunuzi siku tatu za kazi za kuvunja mkataba kwa maandishi na kurudishiwa feza. Siku ya nne, sahihi imekauka.

Ardhi ya serikali

Ajabu ya hesabu yote hii ni kwamba mshindani mkubwa wa kadi za kambi ni serikali yenyewe. Ofisi inayoitwa Bureau of Land Management inasimamia karibu kilometa za mraba milioni moja, hasa katika majangwa na milima ya magharibi. Ni zaidi ya sehemu moja ya tatu ya eneo lote la Kongo. Kwenye sehemu kubwa ya ardhi hiyo mtu yeyote anaweza kusimamisha gari siku 14 bila kulipa, kisha anasogea mbali kidogo na kuanza tena. Karibu na Quartzsite, jimbo la Arizona, kuna maeneo ya kukaa muda mrefu: dola 180 kwa miezi saba, toka katikati ya mwezi wa tisa hadi katikati ya mwezi wa ine. Kila mwaka mwezi wa kwanza jangwa hilo linageuka kuwa mji wa magari meupe.

Feza haiko hapo, lakini maji pia hayako, wala umeme. Anayekaa huko anapashwa kuwa na paneli za jua, betri za kutosha, tanki la maji, na kujua mahali pa kumwaga choo. Wakaaji wa Goma wanaojua kuishi na paneli hawatashangaa kwamba inawezekana. Lakini mwezi wa saba Arizona inapita digrii 40, na hakuna paneli itakayoendesha mashine ya baridi mchana na usiku. Mzee mwenye mashine ya kupumulia usiku anafikiri mara mbili.

Kwa wazee kuna kadi nyingine ambayo haina muuzaji, na labda ndiyo sababu haizungumzwi sana. Raia ao mkaaji wa kudumu mwenye miaka 62 analipa dola 80 mara moja katika maisha yake (mbele ya mwaka wa 2017 ilikuwa dola 10), na tangu hapo anaingia bila kulipa katika mbuga za taifa na kulipa nusu bei ya kulala katika kambi nyingi za serikali kuu. Kati ya hizo kuna zile za Army Corps of Engineers, wahandisi wa jeshi waliojenga mabwawa, zilizo kando ya maziwa ya mabwawa hayo, nyingi zikiwa na umeme. Ukiweka kadi hii katika zile siku 122 za mfano, hesabu inapumua.

Wengine hawanunui chochote: wanatoa kazi. Wanafungua lango la kambi, wanasafisha vyoo, wanapokea wageni, saa 15 ao 25 kwa juma, na kiwanja chao ni bure. Mwezi wa kumi maelfu yao wanapanda North Dakota na Minnesota kwa mavuno ya viazi vya sukari, zamu za saa 12, na mwajiri analipia kiwanja. Katika umri wa miaka 70, ni kodi ya nyumba inayolipwa kwa mgongo.

Na mahali pa kulala pasipo kadi wala kazi panapungua. Miji mingi imekataza kulala ndani ya gari barabarani. Tarehe 28 mwezi wa sita 2024, katika kesi ya mji mdogo wa Grants Pass, jimbo la Oregon, mahakama kuu ya Marekani ilikubali, kwa sauti sita dhidi ya tatu, kwamba mji unaweza kuwaadhibu watu wanaolala nje hata kama hawana mahali pengine. Sheria ya mji huo ilikuwa inawagusa pia wanaolala ndani ya magari. Tangu hapo kiwanja chenye namba kina uzito mwingine kuliko bwawa la kuogelea.

Kuna chama kimoja ambacho hakifanani na vingine. Escapees kilianzishwa mwaka wa 1978 na mume na mke, Joe na Kay Peterson, waliokuwa wenyewe wakiishi barabarani. Makao yake yako Livingston, Texas. Ada ni ndogo na punguzo la kambi liko, lakini watu wanaingia zaidi juu ya anwani. Mtu asiye na nyumba bado anapashwa kuwa na mahali pa kuandikwa: kwa leseni ya udereva, kwa bima, kwa kodi, kwa kura, kwa barua za daktari. Escapees inapokea barua za maelfu ya wanachama na kuwatumia popote walipo, nao wanahesabiwa kuwa wakaaji wa Texas, jimbo lisilotoza kodi ya mshahara.

Huko huko Livingston kuna pia kituo kinachoitwa CARE, cha wanachama ambao hawawezi tena kuendesha, kwa ugonjwa ao kwa uzee. Hawaingii katika nyumba ya wazee. Gari linaegeshwa, mwenyewe anabaki ndani yake, katika kitanda chake, na wahudumu wanamletea chakula, wanamsaidia usafi, wanampeleka kwa daktari. Analipa kwa mwezi, na akitaka kuondoka anaondoka.